Sumu Isiyohitaji Moto: Historia ya Ugoro na Kansa ya Kinywa

Muuza ugoro hapigi kelele kama muuza nyanya. Hukaa pembeni ya soko na beseni lake, kijiko, vipande vya karatasi na kopo lenye mfuniko, na wateja wake wanajua pa kumpata. Ukimkuta akiandaa bidhaa utaona kazi yenyewe si kubwa. Jani la tumbaku lililokauka linatwangwa mpaka linakuwa unga. Yanasagwa magadi, yale yale ambayo mama hutia kwenye chungu ili maharage yaive haraka, na kuchanganywa humo. Matone machache ya maji yanafuata. Mteja anachota kidogo kwa vidole viwili, anavuta mdomo wa chini, anaweka unga wake kati ya mdomo na ufizi, kisha anaendelea na shughuli. Hakuna kiberiti, hakuna jivu, wala hakuna wa kumwambia azime kwa sababu anawafukizia wenzake ndani ya daladala.

Mbwiaji akiulizwa kuhusu afya yake, mara nyingi jibu lake liko tayari: sigara ndiyo inayoua, yeye havuti. Si jibu la kijinga. Kwa miaka mingi sisi sote tumefundishwa kuogopa moshi: lami yake, mapafu meusi, kikohozi cha alfajiri. Mtu akishaambiwa kwamba adui ni moshi, ana haki ya kudhani kuwa pasipo moshi hapana adui. Kosa ni letu tuliomfundisha nusu ya somo. Nusu ya pili iliwachukua waganga na wakemia zaidi ya miaka 200 kuipata, na ilipopatikana ilionyesha kwamba sumu kali kuliko zote za ugoro huzaliwa ndani ya jani lenyewe, kabla halijafika mdomoni, bila moto wa aina yoyote.

Dawa ya malkia

Jani lilitoka Amerika. Wenyeji wa huko walilitafuna, walilinusa na kulivuta karne nyingi kabla Columbus hajafika mwaka 1492. Huko Ulaya liliingia kwa heshima ya dawa. Mnamo 1560 balozi wa Ufaransa mjini Lisbon, Jean Nicot, alipeleka tumbaku nyumbani kwao, na inasimuliwa kwamba malkia Catherine de' Medici aliitumia kutuliza maumivu ya kichwa. Jina la balozi huyo likabaki kwenye mmea, Nicotiana, na baadaye kwenye kilevi chake, nikotini. Wareno wakalisambaza jani hilo pwani za Bahari ya Hindi, ambako lilikuta watu wana desturi yao ya tambuu, popoo, chokaa na katu, nalo likakaribishwa ndani ya kiraba hichohicho.

Kufikia karne ya 18 kunusa ugoro ilikuwa adabu ya waungwana wa London. Kila bwana alikuwa na kikopo chake, cha fedha au cha pembe, na namna ya kukifungua mbele za watu ilikuwa sanaa. Ni katika mji huo ambapo mwaka 1761 tabibu na mtaalamu wa mimea, John Hill, alichapisha kijitabu cha kuonya watu dhidi ya kuzidisha ugoro. Alieleza habari za wagonjwa waliotumia ugoro kwa miaka mingi, kisha wakaota vinyama puani, vinyama ambavyo yeye aliviona kuwa kansa. Hakudai kwamba kila anusaye ataugua. Alisema tu kwamba hatari ipo, na kwamba hakuna ajuaye kama mwili wake si wa wale watakaodhurika.

Hill hakuwa mtu wa kusikilizwa. Alikuwa mgomvi, aliwahi kuigiza jukwaani, akauza dawa za mitishamba, na wasomi wa London walimkejeli waziwazi. Kijitabu chake kikasahaulika. Hata hivyo wanahistoria wa tiba wanakihesabu miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa yaliyohusisha tumbaku na kansa, na kinachonishangaza ni kwamba hakikugusa sigara hata kidogo. Shutuma ya kwanza ilielekezwa kwenye ugoro. Na ili kejeli ikamilike, aliyemtunuku Hill nishani mwaka 1774 alikuwa mfalme wa Sweden, nchi ambayo ingekuja kuwa nyumba ya ugoro duniani.

Mwaka 1822, njia mbili

Mwaka 1822 mambo mawili yalitokea mbali mbali. Mjini Stockholm, Jacob Fredrik Ljunglöf alianza kuuza ugoro alioupa jina la Ettan, yaani "namba moja". Alitumia joto, na hivyo akafupisha kazi ambayo kabla ya hapo ilichukua miezi ya kuchachusha. Mjini Pittsburgh, Marekani, George Weyman naye alianzisha ugoro aliouita Copenhagen. Huko Marekani, mila ya kuliacha jani lililosagwa lichachuke polepole ndiyo iliyoendelea, kwa kuwa uchachu ndio uliompa mnunuzi ladha na ukali aliouzoea.

Mmoja alipasha moto, wengine waliacha vijidudu vifanye kazi. Wakati huo ilikuwa tofauti ya mapishi tu, kama vile jirani mmoja anavyokandia unga kwa hamira na mwingine bila. Ingepita karne moja na nusu kabla mtu hajaelewa kwamba katika tofauti hiyo kulikuwa na uhai na kifo.

Wakati huohuo madaktari waliendelea kuona vidonda. Mwaka 1933 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi kutoka Travancore, kusini mwa India, kuhusu kansa ya kinywa kwa watafunaji wa tambuu. Mwaka 1955 watafiti wa Bombay walionyesha uhusiano wa kutafuna na kuvuta tumbaku na kansa za kinywa na koo. Kwa wapasuaji wa kusini mwa Marekani jambo hilo lilikuwa la kawaida kiasi kwamba kansa ya shavu kwa mwanamke mzee ilikwisha pewa jina la ugoro. Lakini sababu ilikuwa haijulikani. Ni nini hasa ndani ya unga ule kilichogeuza nyama ya shavu kuwa kansa?

Samaki wa Norway

Jibu lilianzia mahali ambapo hakukuwa na tumbaku. Mwaka 1956 wanasayansi wawili wa Uingereza, Peter Magee na John Barnes, waliwalisha panya kemikali iitwayo dimethilinitrosamini, iliyokuwa ikitumika viwandani kuyeyushia vitu na ambayo tayari ilikwisha waumiza wafanyakazi ini. Panya wakaota uvimbe wa ini. Kwa mara ya kwanza dunia ikajua kwamba ukoo wa nitrosamini unaweza kuleta kansa.

Miaka michache baadaye, mifugo nchini Norway ikaanza kufa kwa ugonjwa wa ini. Ilikuwa imelishwa unga wa samaki aina ya heringi uliohifadhiwa kwa naitriti. Uchunguzi ukaonyesha kwamba naitriti iliungana na kemikali za asili za samaki, zikazaa nitrosamini humo humo ndani ya unga. Hakuna mtu aliyeitia. Ilijitengeneza.

Mkemia yeyote aliyelijua jani la tumbaku alipaswa kushtuka. Tumbaku imejaa naitreti inayofyonza kutoka udongoni, hasa ikipewa mbolea nyingi. Ina nikotini na kemikali ndugu zake. Wakati wa kukausha na kuchachusha, bakteria waliomo majanini hugeuza naitreti kuwa naitriti, na naitriti ikikutana na ukoo wa nikotini, yanatokea yale yale ya unga wa samaki.

Mkemia aliyelifuatilia jambo hilo mpaka mwisho aliitwa Dietrich Hoffmann, Mjerumani aliyehamia Marekani na kufanya kazi na Ernst Wynder, yuleyule ambaye mwaka 1950 alisaidia kuonyesha kwamba sigara inaleta kansa ya mapafu. Mwaka 1974, Hoffmann, Stephen Hecht na wenzao walitangaza katika jarida la Science kwamba wameipata nitrosamini ya namna hiyo katika tumbaku ambayo haijawashwa. Inaitwa kwa kifupi NNN. Kiasi walichopima kilikuwa kati ya sehemu 1.9 na sehemu 88.6 katika kila milioni. Katika vyakula na vinywaji, walisema, nitrosamini huzidi kwa nadra sehemu 0.1 katika milioni. Baadaye wakamtambua pia ndugu yake aliye mkali zaidi, NNK.

Soma tarakimu hizo taratibu. Zilipimwa katika jani baridi, lisilowahi kuona kiberiti.

Ramani yenye doa

Mwaka uliofuata, 1975, Taasisi ya Taifa ya Kansa ya Marekani ilitoa atlasi iliyoonyesha vifo vya kansa wilaya kwa wilaya. Waliokuwa wakiipitia waliona doa la ajabu kusini-mashariki mwa nchi: wanawake wa huko walikufa zaidi kwa kansa ya kinywa kuliko wanawake wa sehemu nyingine. Kansa ya kinywa kwa kawaida ni ya wanaume wanaovuta na kunywa sana. Hawa walikuwa akina mama wa vijijini.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa viwanda vya nguo, vilivyojaa Carolina yote. Deborah Winn na wenzake wakaenda North Carolina kuulizia. Walilinganisha wanawake 255 wenye kansa ya kinywa na koo na wengine 502 wasio nayo, wakauliza kuhusu kazi, chakula, meno, pombe na tumbaku. Matokeo yalichapishwa mwaka 1981. Kiwanda hakikuwa na hatia hiyo. Mwenye hatia alikuwa ugoro, ambao wanawake wa huko waliuweka shavuni tangu ujana. Kwa wanawake weupe wasiovuta sigara, ugoro uliongeza hatari zaidi ya mara 4. Kwa waliobwia miaka mingi, hatari ya kansa ya ufizi na ya ndani ya shavu, yaani pale pale unga unapokaa, ilikaribia mara 50.

Haikuhitaji shahada kuelewa. Kansa ilikuwa ikiota mahali ugoro ulipolala.

Wakati huohuo matangazo ya biashara yalikuwa yakiwafuata vijana, yakiwaonyesha wachezaji wa besiboli waliovimba mashavu. Februari 1984 kijana wa Oklahoma mwenye umri wa miaka 19, mwanariadha hodari aliyejaza kabati kwa medali, alifariki kwa kansa ya ulimi. Alikuwa ameanza ugoro akiwa na miaka 12. Kwa kuwa alijali pumzi zake, hakuvuta sigara. Mama yake aliishtaki kampuni iliyotengeneza ugoro huo, na mwaka 1986 akashindwa mahakamani. Lakini mwaka huohuo Daktari Mkuu wa Serikali, C. Everett Koop, alitoa ripoti iliyosema wazi kwamba ugoro si mbadala salama wa sigara, na sheria ikapitishwa kulazimisha maonyo kwenye makopo na kufuta matangazo ya redio na televisheni. Mwaka huohuo tena, Hecht na wenzake walitoa matokeo ya panya waliopakwa mchanganyiko wa NNN na NNK mdomoni. Waliota uvimbe mdomoni.

Mpira mdogo wa Sudan

Sura iliyo karibu nasi zaidi iliandikwa Khartoum. Sudan wana ugoro wao, tumbaki, unaotengenezwa kwa aina kali ya tumbaku, Nicotiana rustica, inayolimwa hasa Darfur. Majani hukaushwa shambani, hufungwa mafungu, hunyunyiziwa maji na kuachwa yachachuke kwa joto la huko. Kisha husagwa, unga ukawekwa ukomae, pengine kwa miezi. Muuzaji huuchanganya na maji na atroni, akaukanda kwa vidole mpaka uwe laini kama udongo wa mfinyanzi. Mnunuzi hufinyanga kipande kuwa mpira mdogo, saffa, na kuuficha nyuma ya mdomo.

Atroni hiyo ni ndugu wa magadi yetu. Yote mawili ni chumvi za kaboneti ya sodiamu, na kazi yao kwenye ugoro ni moja. Huondoa uchachu wa mchanganyiko ili nikotini iachiliwe na kupenya haraka kwenye ngozi laini ya kinywa. Magadi yenyewe si kansa. Ni ufunguo wa mlango: humfanya mbwiaji asikie kichwa kikichangamka mara moja, na kesho arudi.

Mtafiti wa Kisudani, Ali Idris, alipeleka sampuli za tumbaki kupimwa. Matokeo ya mwaka 1991 yaliwashangaza hata waliozoea kazi hiyo. NNN ilifika mikrogramu 3,085 katika gramu moja. NNK ilifika 7,870. Kumbuka kwamba kiasi cha juu kabisa cha mwaka 1974 hakikufika hata 90 kwa kipimo hichohicho. Mchakato mzima wa tumbaki, aina ya jani, joto, maji, muda mrefu wa kukomaa, ulikuwa kama umepangwa na mtu aliyetaka kuzalisha nitrosamini kwa wingi iwezekanavyo. Hakuna aliyepanga. Ni mapishi ya mababu, yaliyorithiwa kwa nia njema.

Hukumu, na njia ya Stockholm

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Kansa, lenye makao yake Lyon, lilikwisha kuonya kuhusu ugoro tangu 1985. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 2007 likaweka tumbaku isiyo na moshi, pamoja na NNN na NNK, katika Kundi la 1, la vitu vilivyothibitika kumletea binadamu kansa. Lilihesabu ndani yake kemikali 28 za kansa, zikiwemo formaldehaidi, kadmiamu, aseniki na polonia ya mionzi. Tumbaku iliyokaushwa kwa moshi wa kuni, kama ile ya Songea tunayoiita tumbaku ya moshi, hubeba pia benzopirini inayotoka kwenye kuni. Mwaka 2013 Silvia Balbo, Hecht na wenzao wakafunga mjadala wa mwisho: panya waliokunywa maji yenye umbo moja la NNN kwa miezi 17 waliota uvimbe mdomoni, wote.

Na Stockholm? Watengenezaji wa Sweden waliposoma kazi za Hoffmann walirudi kwenye mapishi. Walichagua majani yenye naitreti kidogo, wakaua bakteria kwa mvuke badala ya kuwaacha wachachushe, wakahifadhi makopo kwenye baridi. Nitrosamini katika ugoro wao zikashuka mpaka mikrogramu chache kwa gramu, kisha chini zaidi. Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku ugoro wa kuweka mdomoni mwaka 1992, na Sweden ilipojiunga mwaka 1995 ikajadiliana mpaka ikaachiwa wa kwake. Ugoro huo nao unatia uraibu, na hakuna taasisi ya afya inayouita salama. Lakini umethibitisha jambo moja lisilopendeza kwa wenye viwanda wengine: wingi wa sumu hii ni uamuzi wa mtengenezaji. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipendekeza kikomo cha mikrogramu 1 ya NNN kwa gramu ya ugoro mkavu. Miaka ikapita bila pendekezo kuwa kanuni.

Kurudi kwenye beseni

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 nchini Kenya ulionyesha kwamba asilimia 4.5 ya watu wazima, takriban milioni moja, walitumia tumbaku isiyo na moshi, na pengo kati ya wanaume na wanawake lilikuwa dogo kuliko la sigara. Bibi ambaye hangethubutu kuonekana na sigara anaweza kubwia ugoro wake barazani bila mtu kumsema. Vijana nao wamefikiwa na kuberi, pakiti ndogo kutoka India ambazo mara nyingine huuzwa kana kwamba ni majani ya chai au kitu cha kuburudisha pumzi. Uganda, katika sheria yake ya mwaka 2015, ilichagua kupiga marufuku tumbaku isiyo na moshi kabisa. Kwingineko sheria ipo kwenye karatasi, na beseni liko sokoni.

Beseni hilo halina maabara. Hakuna anayejua jani lilikaa unyevuni siku ngapi, wala kiasi cha naitriti kilichojijenga humo kabla ya kutwangwa. Ndiyo maana mbwiaji wetu yuko karibu na mwenzake wa Khartoum kuliko wa Stockholm.

Kwa hiyo anayekwambia kwamba ugoro hauna moshi anasema kweli, na kweli hiyo haimsaidii. Kama unabwia, au unaye mzazi anayebwia, simama kwenye mwanga na kioo, vuta mdomo wa chini, tazama mahali unga unapokaa. Doa jeupe lisilofutika, doa jekundu, uvimbe, au kidonda kilichopita wiki 2 bila kupona si jambo la kusubiri mwezi ujao. Nenda kliniki ya meno ukamwonyeshe daktari, na mwambie bila aibu kwamba unatumia ugoro na umeutumia miaka mingapi. Kansa ya kinywa ikikutwa changa hutibika. Na baada ya hapo, kopo liache palepale sokoni.